Mshenga Asiye na Mke

Mtu aliyeozesha nusu ya Waswahili wa Maskati hakuwa na mke. Wenzangu hawakuliona hilo kuwa ajabu. Walisema mshona viatu huenda peku, wakacheka, kisha wakamtumia barua nyingine ya posa. Mimi peke yangu nililifikiria sana, tena kwa sababu ambazo sikuthubutu kumwambia mtu.

Nitamwita Mshenga, kama tulivyomwita sote. Jina alikuwa nalo na ukoo wake ulijulikana, lakini hayo si yangu kuyataja. Tulimkuta Matrah, bandari iliyo ng'ambo ya mlima kutoka mji wa Maskati, tulipofika mwaka wa sitini na nne, mimi na mama na Zuwena, binti wa ammi yangu, na masanduku mawili na cherehani iliyovunjika mkono njiani. Yeye alikuwa amehama Zanzibar miaka kadhaa kabla yetu, kwa hiari yake, watu wakamwona hana akili, kuacha nchi ya mvua akaenda kukaa kwenye mawe. Tulipomiminika sisi, akawa ndiye anayejua nani kafikia wapi, binti wa nani amekua, kijana wa nani kapata kazi bandarini. Watu wakitaka kuoana hawakuwa na mwingine wa kumtuma.

Alikwenda kwenye nyumba za watu baada ya alasiri. Kanzu nyeupe, kofia ya mkono, mafuta ya udi nyuma ya masikio, na barua ndani ya leso ya hariri ambayo aliifua mwenyewe. Akishakaa aliletewa kahawa. Huku Oman, mtu akitosheka hutikisa kikombe, na mmiminaji akaelewa. Mshenga alikuwa hatikisi mpaka apewe jibu. Kuna nyumba moja waligombana chumba cha ndani toka alasiri mpaka adhana ya magharibi, yeye yuko barazani anamiminiwa tu, vikombe kumi na tisa. "Bibi harusi kalala usingizi wake," aliniambia, "mie ndiye niliyekesha, moyo unanenda mbio kama naolewa mie."

Usidhani alikuwa malaika. Alisema uongo bila haya. Mabinti wote waliopita mikononi mwake walikuwa na miaka ishirini, hata yule aliyekuwa na mvi mbili. Waume wote walikuwa "watulivu," hata kijana mmoja aliyewahi kuvunja mlango wa mjomba wake kwa teke. Nilipomkumbusha ule mlango alisema, "Ulikuwa mbovu." Lakini kulikuwa na jambo moja ambalo hakulidanganyia hata siku moja, nalo ni kama wawili wale wanatakana. Aliuliza. Upande wa mwanamke aliuliza kwa njia za adabu, kupitia mama na shangazi. Upande wa mwanamume alimwita bwana harusi mtarajiwa nyumbani kwake, akamkalisha, akamuuliza uso kwa uso.

Wazee hawakupenda. Mmoja alimwambia mbele yangu, "Binti tunamuuliza, na akinyamaza basi karidhia, ndivyo tulivyofunzwa. Mwanamume unamuuliza nini? Si ndiye anayeoa?"

"Kimya cha bikira kishatiwa maana," Mshenga akajibu. "Kimya cha mwanamume hakuna aliyekitia maana. Ndiyo maana mie nauliza."

Yule mzee alitikisa kichwa akasema watu wa Matrah wana mambo. Mimi nilitazama mkeka.

Mshenga alikaa nyumba moja na Fundi. Fundi alikuwa Mbaluchi wa papo hapo Matrah, mtengenezaji wa vyerehani, mpole, mfupi wa maneno kwa lugha zote tatu alizozijua. Kiswahili alijifunza kwa Mshenga, kwa hiyo alikisema kwa maringo yale yale ya Mshenga, jambo lililotuchekesha kwa sababu hakuwa na maringo katika kitu kingine chochote. Nyumba yao ilikuwa vyumba viwili na ua mmoja. Wengine walisema ni ndugu wa kunyonya. Wengine wakasema wanasaidiana kodi. Kila mtu alikuwa na maelezo yake, na mengi yalikuwa ya heshima, kwa sababu kila mtu alikuwa na binti au kijana wa kuoza, na hakuna aliyetaka kumuudhi mshenga.

Si wote lakini. Sokoni siku moja muuza vitambaa alisema nyuma ya Mshenga, kwa sauti ya kusikika, neno lile wanaloitwa watu kama sisi. Nilikuwa ubavuni kwake. Mshenga aligeuka, akamrudia yule mtu, akamsalimu kwa mikono miwili, akamuuliza hali ya watoto mmoja mmoja. "Na yule mkubwa? Bado hajapata mchumba? Aa, Mungu atajaalia." Tukaendelea na safari yetu. Nilimuuliza haikumuuma? "Inauma," akasema. "Mie nna jina langu, na hilo silo. Lakini binti yake hana kosa, na nishamwonea mume." Kweli alimwoza, mwaka ule ule.

Nitasema na hili, ingawa halimpendezi. Mtu huyu aliyejikubali hivi hakuwakubali wote. Alikuwako mwimbaji wa harusini, mwanamume anayejipaka wanja na kutembea kwa madaha, na Mshenga alikuwa akimwona anageuza uso. Alisema anatutia wote machoni pa watu. Fundi ndiye aliyemkanya, siku ambayo mimi nilikuwepo. "Yeye anapigwa mawe," Fundi akasema huku anatia mafuta kwenye gurudumu la cherehani, "wewe unapikiwa kahawa. Nani anamficha nani?" Harusi iliyofuata nilimwona Mshenga amekwenda kukaa karibu na yule mwimbaji, wakala sinia moja. Hawakuzungumza sana, na nadhani hakuzoea kabisa mpaka mwisho, lakini kila harusi alikaa naye.

Siku za Ijumaa baada ya sala Mshenga na Fundi walipenda kwenda Qantab, kijiji cha wavuvi, wakati ule hakuna njia ila ya majini au ya mbuzi. Nilifuatana nao mara moja. Tulinunua samaki kwa wavuvi, tukamchoma ufukweni, nao wakagombana. Mshenga alisema chumvi imezidi. Fundi akasema miaka tisa chumvi imezidi na miaka tisa sahani inarudi nyeupe. Mshenga akasema miaka minane. Wakaanza kuhesabu miaka kwa vidole, kila mmoja anakataa vidole vya mwenzake, na huku wanabishana Fundi anachambua miiba anaweka minofu upande wa Mshenga, bila kutazama, mkono wenyewe umezoea. Nilikuwa na miaka ishirini na sita. Nilikuwa nadhani watu kama mimi tuna njia mbili tu, kuoa na kujificha au kupotea kabisa. Sikuwa nimewaza kwamba mtu anaweza kuishi akagombana juu ya chumvi. Nilijitia nimeingiwa na moshi machoni.

Mshenga alikuwa na mke zamani. Hili nililijua kwa mwenyewe mke, Bi Salma, aliyekuja Maskati mwaka ule ule tuliokuja sisi, pamoja na mumewe mwalimu na watoto wanne, akawa jirani yetu ukuta kwa ukuta. Kila Alhamisi alimpelekea Mshenga mkate wa kumimina na kumwita kaka. Mama yangu alimuuliza kwa nini anamlisha mtu aliyempa talaka.

"Kwa sababu alinipa," Bi Salma akasema.

Waliozwa vijana, Zanzibar, na wazee wao. Yeye alinyamaza, ikawa ridhaa. Bwana harusi naye alinyamaza, na hakuna aliyejali. Miaka mitatu. "Nilikuwa najifukiza udi mpaka kanga zinaungua," alituhadithia, na mama akaacha kuchambua mchele. "Nikidhani nna harufu. Nikidhani nna kasoro ya mwili wangu ambayo wanawake wenzangu wananificha. Hakuwahi kunipiga, hakuwahi kunitukana, angenitukana ningejua. Alikuwa analala kaupa uso ukuta, analia anadhani nimelala."

Halafu siku moja mume alimwambia. Alimwambia kasoro si yako, ni mie, Mungu kaniumba moyo wangu uko kwa wanaume, na nimekupotezea miaka mitatu kwa woga wangu. Akampa talaka na haki zake zote. Eda ilipokwisha, baba yake Bi Salma alibishiwa hodi, kufungua ni mkwe wa zamani, kavaa kanzu nyeupe na barua mkononi. Amekuja kumposea Bi Salma kwa mwalimu mmoja mjane. Mzee alimfukuza kwa kiatu. Akarudi. Akafukuzwa. Mara ya tatu mzee alichoka, akamuuliza una wazimu gani wewe? Akajibu, "Mie niliyemkosea ndiye nnayejua anastahiki nini." Ndiyo posa ya kwanza aliyoipeleka maishani mwake. Baada ya hapo akaihama nchi.

Mama aliisikiliza hadithi yote ile. Alisema "maskini" mara mbili, sijui akimhurumia nani. Kisha akaendelea na mchele wake na mipango yake.

Mipango yake ilikuwa mimi nimuoe Zuwena. Babake Zuwena alibaki Zanzibar na hatukupata kumwona tena. Hakuwa na kaka. Kwa hiyo mimi nilikuwa binamu yake mwenye haki ya kwanza, na papo hapo walii wake, msimamizi wa ndoa yake, na kwa mila zetu hakuna mwanamume angemsogelea mpaka mimi niseme simtaki. Sikusema namtaka wala simtaki. Nilisema kazi nyingi, nilisema mwakani. Miaka miwili ikapita.

Nilikuwa karani kwa tajiri mmoja bandarini, na katika miaka miwili ile nililala na wanaume mara chache, saa za mchana mji umefunga milango kwa joto, na watu ambao tukikutana njiani baadaye tulitazama pembeni. Kila mara nilirudi nyumbani nikaoga, nikaoga tena, nikajisugua kwa jiwe mpaka ngozi ikachubuka mabegani. Mama aliniona akadhani ni vipele vya joto. Alinipaka poda kwa mkono wake. Sijapata kuona aibu kama ile.

Basi mama akamwita Mshenga. Posa ya ndani ya nyumba haihitaji mshenga, lakini alisema tumepoteza nyumba, adabu hatukupoteza. Mshenga akanitumia salamu nifike kwake alasiri.

Nilimkuta ametandika mkeka uani. Fundi alikuwa chumbani, nasikia nyundo yake ndogo. Akanimiminia kahawa.

"Unamtaka Zuwena?"

"Mama ameshaamua, ammi."

"Sikukuuliza mamako."

Akamimina. Nikanywa. Akamimina tena. Alitazama jasho langu likidondoka, hakunisaidia hata kwa neno moja. Nadhani nilikunywa vikombe saba. Nyundo ikasita mle ndani, na katika ule ukimya nikasema kitu ambacho sikuwahi kukisema hata nikiwa peke yangu.

"Mimi siwatamani wanawake. Nawatamani wanaume."

Niliingoja mbingu ianguke. Mshenga akaitazama kahawa yangu. "Haya. Kunywa, inapoa."

Nikacheka, nikalia, vyote pamoja. Nyundo ikaanza upya. Nilipoweza kusema nilimwambia yote, mpaka ile habari ya kuoga. Akaniuliza, "Unaoga mara ngapi?" Nikamwambia nne, tano.

"Janaba linaondoka kwa josho moja," akasema. "Hiyo ndiyo sheria, haina zaidi. Mara ya pili unaosha nini?"

Akanimiminia tena.

"Unajiosha wewe. Na wewe huondoki, mwanangu. Nilijaribu. Nilihama nchi mzima mzima, nikafika hapa nikajikuta nishatangulia kufika." Akanishika bega, palepale penye mchubuko, bila kujua. "Hukumu yangu anayo Mola wangu, nasali kwake kila siku na sijakata tamaa naye. Lakini kuhusu kiumbe mwingine nshahukumiwa tayari na Salma niliyemdhulumu, na hukumu ile ilikuwa ya kweli. Sasa tuseme habari ya Zuwena."

"Sitaki aonekane hakutakiwa."

"Watatu," akasema, ananionyesha vidole. "Wanaume watatu wamenijia wanamtaka, watu wa maana. Kila mmoja ananiuliza, mtoto wa ammi yake kasemaje? Nasema, hajasema. Wameoa kwengine. Umemkalia mtoto wa watu kwa kimya chako. Usipomuoa umemfunga, ukimuoa hivi umemfunga zaidi. Mie barua hii siipeleki. Kamwambie yeye kwanza, kabla ya mamako. Yeye ndiye anayekudai."

Nilimwambia Zuwena asubuhi iliyofuata, juu ya sakafu ya paa anaanika nguo. Nilikuwa nimepanga hotuba. Nilisema robo yake tu. Alitoa kibanio mdomoni akasema, "Ni hilo tu? Mie nilidhani unanchukia."

"Hukasiriki?"

"Nimekasirika sana. Miaka miwili, kaka! Wewe unanitazama kama kabati, nami natafuta kwenye kioo kabati limekosa nini." Akanirushia shuka iliyorowa usoni. Kisha akakaa chini akalia, nami nikakaa karibu yake mpaka nguo zikakauka.

Mama nilimwambia jioni ile. Nilimwambia simuoi Zuwena wala sitooa mwanamke yeyote, na si ugonjwa, na si hasira, ndivyo nilivyo, kama Mshenga alivyo. Nilimtaja makusudi, ili asiweze kujidai hakuelewa. Alielewa. Uso ulimwingia kivuli, akaingia chumbani, na toka siku ile hakuniambia neno kwa mwaka na zaidi. Alizungumza nami kupitia Zuwena. "Mwambie kakako chakula tayari," na mimi nimekaa mbele yake. "Muulize kakako anataka mchuzi." Zuwena akigeuka, "Kaka, unataka mchuzi?" Nami, "Mwambie mama ahsante, nataka." Tungecheka lau isingeuma vile. Na Mshenga akipita njiani kwetu, mama alifunga dirisha kwa kishindo.

Lakini mshenga alikuwa mmoja tu mji mzima. Alipojitokeza mtu wa nne kumtaka Zuwena, kijana mpole mwenye duka la dawa, dirisha halikuwa na budi kufunguliwa. Mshenga alikaa barazani, mimi ndiye walii, mimi ndiye mwenye jibu. Nilikwenda ndani nikamuuliza Zuwena, akasema ndiyo, na akasema kwa sauti kubwa mpaka mama akamfinya. Niliporudi Mshenga alikuwa kwenye kikombe cha tatu. Nilimpa jibu, akatikisa. Mama, nyuma ya pazia, alimletea halua kwa mkono wa Zuwena, na sahani ilikuwa imejaa. Mshenga alijua kusoma sahani.

Mara ya mwisho ninayotaka kuisimulia nilimkuta Mshenga mwaka wa sabini, mwezi wa pili au wa tatu baada ya nchi kupata mtawala mpya. Mambo yaliyokatazwa yalikuwa yanaachiwa moja moja, na watu wetu walikuwa wanarudi kutoka pande zote za dunia, ndugu wakitambuana gatini kwa mayowe. Nilimwona sokoni Matrah amevaa miwani ya jua, kitu ambacho mwaka uliopita kingemtia matatani. Ilikuwa kubwa mno kwa uso wake. Nilimwambia amependeza, akasema anajua.

Wakati ule nilikuwa na Nasor mwaka mzima. Nasor alikuwa dresa wa hospitali, mtu wa Sur aliyekulia Dar es Salaam, mwenye kicheko cha kuamsha wagonjwa. Nilikuwa nimepanga chumba Matrah, tunakaa wawili, nami nakwenda kwa mama kila mchana kula. Alishaanza kusema nami, maneno ya lazima tu. Mama hakumjua Nasor, wala hakunisikia nikimtaja.

"Mamako kanijia," Mshenga akasema.

"Kutaka nini?"

"Kaja na buibui lake la Idi, kakaa, kanywa kahawa. Kaniuliza, huyo mtu anayekaa na mwanangu, ni mtu wa wapi? Anasali? Ana hasira? Ana kikohozi? Kama mzazi wa kike anayeuliza habari za mwanamume, vile vile, hakuacha hata moja. Mie nishaoza watu wengi, mwanangu, sijapata kuulizwa maswali yale kwa jambo lile." Akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya kanzu, na haikuwa na vumbi. "Miaka yote hii nilidhani wa kwetu hawataki kujua. Kumbe wengine walikuwa hawajui waulize vipi."

"Ukamjibu nini?"

"Nikamwambia mie sijui kitu, mtu huyo hakuniletea posa. Mwanao yupo, kamuulize." Akaivaa miwani yake. "Nenda kale. Usimchelewee leo."

Nilikwenda Maskati kwa miguu, nikapanda ile njia ya mlimani katika jua la adhuhuri, na njiani nilijitayarisha kwa kila neno ambalo mzazi anaweza kumwambia mwanawe. Leo nakaa Mabela, kiunga cha Maskati, mzee mwenye magoti mabovu, na Nasor ananipigia kelele nizime taa nilale, na bado naweza kukutajia kila jiwe la njia ile.

Mama alikuwa jikoni, amenipa mgongo, anakatakata vitunguu. Nilimsalimu. Akaitikia. Nikasimama mlangoni, na yeye hakugeuka, na kisu hakikusita.

"Mwenzio," akasema, "anakula pilipili?"

"Anakula, mama."

"Basi kesho mje wawili."